Ushauri: Kompyuta haijapita Mbagala

Mwalimu,

Nina miaka 26. Nimeajiriwa na msambazaji wa maji ya kunywa, ghala letu liko Gerezani. Tuna kirikuu sita na bodaboda tatu, tunapeleka katoni na madumu ya lita 20 kwenye maduka ya Temeke, Mbagala, Ubungo na Kigamboni. Bosi aliposikia kwamba chuoni nilisoma mambo ya ramani, akaniagiza nipime njia zote kwa kompyuta, ili kuanzia tarehe mosi madereva walipwe kwa kilomita na dakika za kompyuta, si kwa makadirio yao.

Nimepakua barabara za OpenStreetMap, nikaziingiza kwenye programu ya ramani ya QGIS, nikatumia kifaa cha kutafuta njia fupi. Maduka mawili ya Mbagala yakaambiwa hayana njia kabisa. Nikasoma mahali kwamba niongeze uvumilivu wa mianya, nikaandika 1, matokeo yakawa vurugu tupu. Duka la Kigamboni Feri linatoka kilomita nyingi ambazo dereva anazikataa. Njia ya Ubungo inapita ndani ya barabara ya mwendokasi. Na duka la Charambe limepewa gharama ya 0.24, sielewi ni shilingi, ni saa au ni nini.

Dereva wetu mmoja, mtu mzima, aliangalia skrini yangu akasema, "Dada, hiyo kompyuta yako haijapita Mbagala saa kumi na moja jioni." Wenzake wakacheka, mimi nikaona aibu. Je, nibadilishe programu?

Binti wa Ghala, Dar es Salaam

* * *

Binti yangu,

Usibadilishe programu. Na kabla sijagusa jambo lolote la kitaalamu, nenda kwa bosi wako kesho asubuhi umwambie kwamba tarehe mosi haiwezekani. Mwombe wiki nne. Ukiwalipa watu kwa namba ulizonazo sasa, kosa lililomo kwenye ramani yako litakwenda moja kwa moja kwenye tangi la mafuta la mtu mwenye familia, naye hatakuwa na pa kulalamika kwa sababu ataambiwa kompyuta imesema. Hilo ndilo linalonisumbua katika barua yako kuliko mianya na gharama.

Sasa tuingie kazini. Programu hii haioni barabara. Inaona nukta na vipande vya mistari vinavyounganisha nukta hizo. Chukua dumu lako moja la lita 20, uwazie umelimwaga pale mlangoni mwa ghala, maji yakatiririka ndani ya mifereji badala ya barabara. Yakifika njia panda yanagawanyika, yanaendelea kila upande kwa mwendo uleule. Mkondo utakaofika dukani kwanza ndio njia fupi. Hesabu hiyo aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akiwa amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi, kwa muda wa dakika kama 20. Aliichapisha mwaka 1959, na ndiyo inayofanya kazi ndani ya kifaa ulichotumia. Haikosei. Lakini mfereji ukiwa umekatika, hata kwa upana wa kidole, maji yanaishia hapo, na duka la upande wa pili linaambiwa halina njia.

Ndicho kilichoyapata maduka yako mawili. Fungua ramani, sogelea duka la kwanza hadi skrini nzima ionyeshe mtaa mmoja tu. Sogelea zaidi. Utakuta moja kati ya mambo mawili. Pengine mstari wa mtaa wa duka unaishia nusu mita kabla ya kugusa barabara kubwa, kwa kuwa aliyeuchora aliachia kitufe mapema. Ukiwa mbali unaona vimegusana, ukisogea unaona mwanya. Au pengine duka lako limeshikizwa kwenye mstari usio wake. Kifaa hiki huchukua nukta ya duka na kuifunga kwenye mstari ulio karibu zaidi, hata kama mstari huo ni kichochoro cha miguu nyuma ya duka, kisichoungana na barabara yoyote ya gari. Tatizo la namna hii huwezi kulitibu kwa kuongeza uvumilivu. Lazima utoe vichochoro kwenye tabaka la kirikuu, uviache kwenye tabaka la bodaboda, kwa sababu hivyo ni vyombo viwili na kila kimoja kina mtandao wake. Nashangaa jinsi watu wengi wanavyotumia mtandao mmoja kwa vyote viwili, halafu wanamlaumu dereva wa kirikuu kwamba amezunguka.

Kuhusu ile 1 uliyoandika. Data za OpenStreetMap zinakuja kwa nyuzi za latitudo na longitudo, si kwa mita. Uvumilivu wa mianya unasomwa kwa kipimo cha tabaka lenyewe. Kwa hiyo wewe hukuiambia programu iunganishe nukta zilizoachana kwa mita moja. Uliiambia iunganishe zote zilizoachana kwa nyuzi moja, ambayo hapa kwetu ni takriban kilomita 111. Dar es Salaam nzima, kuanzia Bunju hadi Kongowe, ikakunjwa ikawa nukta moja. Ndiyo vurugu uliyoiona. Kabla ya kupima chochote, hamisha tabaka lako kwenda mfumo wa majiranukta wa UTM kanda ya 37 Kusini. Kwenye orodha ya QGIS utaupata kwa namba 32737. Hapo vipimo vinakuwa mita, na uvumilivu wa 0.5 unakuwa nusu mita kwelikweli. Usizidishe mita moja au mbili. Katika mitaa iliyobanana kama ya Mbagala, ukizidisha utaanza kuunganisha vichochoro viwili vinavyotenganishwa na ukuta wa mtu.

Kuna ushauri mwingine utakutana nao, nami nataka nikukinge nao mapema: kwamba ukate mistari yote kila inapokatizana, ili kila makutano yawe na nukta. Nenda nao hadi Tazara uone unachofanya. Pale Barabara ya Nyerere inapita juu ya Mandela kwenye daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018. Kwenye ramani ya juu mistari hiyo miwili inakatizana, lakini haina nukta ya pamoja mahali hapo, na aliyeichora alifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu hakuna gari linaloweza kutoka juu ya daraja likaangukia chini. Ukikata mistari yote, unaweka njia panda hewani. Programu itampeleka dereva wako hadi katikati ya daraja, kisha itamwambia akate kushoto. Ubungo, kwenye daraja la Kijazi lenye ngazi tatu za barabara, kosa hilo linazidi. Mianya izibe mmoja mmoja, kwa mkono, ukiwa umeutazama.

Na ukiuziba, uzibe palepale OpenStreetMap, si kwenye laptopu yako peke yake. Kufungua akaunti hakulipiwi. Ramani ya jiji letu haikushuka kutoka angani. Mwaka 2011 Tandale ilichorwa na wanafunzi pamoja na wakazi wenyewe, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatuma wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaa kuzunguka kata zinazokumbwa na mafuriko, wakiandika mitaro, njia na nyumba. Mistari unayoitumia leo bila malipo ilipatikana kwa watu hao kutembea juani. Mwanya unaouziba wewe kwa ajili ya katoni za maji, kesho utampitisha mtu anayetafuta njia ya gari la wagonjwa.

Tuje Kigamboni. Ukisimama Magogoni unaliona duka la upande wa pili kwa macho. Dereva wako anavuka na pantoni, anashuka, anashusha mzigo. Kompyuta yako inampeleka Kurasini, inamvusha Daraja la Nyerere, halafu inamrudisha tena kaskazini hadi Feri. Sababu ni ndogo, lakini huwezi kuibahatisha usipoambiwa: ulipopakua data uliomba barabara tu. Pantoni kwenye OpenStreetMap si barabara, imeandikwa kama njia ya kivuko katika kundi lake. Ipakue kando, iunge na barabara pande zote mbili, na uhakikishe ncha zake zimegusa kwelikweli, maana gati ni mahali ambapo mistari hupenda kuishia hewani.

Lakini hapo ndipo kazi ya kufikiri inapoanza. Ukiiacha pantoni bila kuipa mwendo, programu itaipa mwendo wa kawaida iliowekewa, kilomita 50 kwa saa, na itadhani dereva anakatiza bahari kama anavyokatiza Barabara ya Kilwa. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni foleni ya kusubiri, na foleni hiyo haimo kwenye mstari wowote. Waulize madereva wanasubiri muda gani asubuhi na muda gani mchana, kisha punguza mwendo wa kipande cha pantoni hadi muda wa kukivuka ulingane na kusubiri na kuvuka kwa pamoja. Nauli ya pantoni na tozo ya daraja zihesabu pembeni kwa shilingi. Usizichanganye na kilomita, utashindwa kumweleza mtu yeyote namba zako zimetoka wapi.

Nakuambia haya ya maji kwa uchungu kidogo. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi na ofisi moja iliyotaka kujua ni watu wangapi wanaishi ndani ya kilomita tano kutoka kwenye zahanati. Nilichora duara. Kazi ya dakika moja, ramani ikapendeza, ikabandikwa ukutani. Ndani ya duara kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji, nacho kikahesabiwa kwamba kimefikiwa. Nilipofika huko baadaye nikakutana na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni, akanionyesha njia anayopita hadi kwenye daraja. Tulitembea naye. Tulitoka asubuhi, tukafika zahanati jua likiwa utosini. Tangu siku hiyo sijachora tena duara kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu yao. QGIS ina kifaa cha eneo la huduma kinachofuata barabara badala ya kuruka kama ndege. Bosi wako akikuomba "maduka yote ya kilomita kumi kutoka ghalani", tumia hicho.

Barabara ya mwendokasi ni jambo jepesi. Kifaa cha ndani cha QGIS hakisomi nani anaruhusiwa kupita wapi. Kinaona mstari ulionyooka, mzuri, kinakuelekeza humo, halafu anayesimamishwa na trafiki ni dereva. Chuja mistari hiyo uiondoe kabla ya kupima. Barabara za njia moja nazo, wanwei kama madereva wako wanavyoziita, usipozitaja zinachukuliwa kuwa ni za pande mbili. Kwenye mipangilio ya ziada ya kifaa kuna mahali pa kuchagua safu ya mwelekeo: chagua safu inayoitwa oneway, na kwenye thamani ya kwenda mbele andika yes. Kwa kuwa mitaa mingi ya Kariakoo, jirani na ghala lenu, ni ya njia moja, utaona njia zako nyingi zikibadilika kilomita mara moja. Makatazo ya kukata kona kifaa hiki hakiyajui kabisa. Ukitaka yahesabiwe, weka plagini ya ORS Tools, inayotumia huduma ya OpenRouteService ya Heidelberg, Ujerumani. Inahitaji intaneti na ufunguo unaojiandikisha kuupata, na kwa safari chache kama zenu inatosha.

Sasa ile 0.24 ya Charambe, ambayo ndiyo kiini cha barua yako ingawa wewe umeiweka mwishoni.

Ni saa. Ukichagua njia fupi, gharama inatoka kwa mita. Ukichagua njia ya haraka, gharama inatoka kwa saa. Zidisha 0.24 kwa 60 upate dakika 14 na ushee. Nina hakika kama ungeona hivyo, na wewe uliyewahi kupanda daladala ya Mbagala, ungejua papo hapo kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Dakika 14 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kilomita 12 zilizogawanywa kwa mwendo wa 50, mwendo uleule wa pantoni, ambao programu inautumia kwa kila kipande usipoipa mwingine. Barabara ya Kilwa 50, uchochoro wa mchanga nyuma ya soko 50, kushusha katoni mbele ya duka huku bajaji zikipiga honi, sifuri, kwa sababu haikuhesabiwa kabisa. Kwa mwendo wa 50 kilomita moja inachukua sekunde 72. Kwa mwendo wa 12, kilomita hiyohiyo ni dakika 5. Huyo mzee wako hakuwa anakudhihaki. Alikuwa anakupa data, tena data ambayo hakuna mtu mwingine anayo, na ninyi mkacheka na kuona aibu mahali ambapo ilitakiwa kuchukuliwa kalamu.

Kwa hiyo ichukue sasa. Simu yako ina uwezo wa kurekodi njia. Zipo programu nyingi za bure zinazotunza mahali na saa kila baada ya sekunde chache, kisha zinakupa faili unalolifungua ndani ya QGIS. Panda kirikuu. Panda asubuhi ukaone mzigo unavyotoka ghalani, panda tena jioni. Andika kwenye daftari saa mliyoondoka, saa mliyokwama na mahali mlipokwama, saa mliyofika, dakika za kushusha, dakika za kusubiri mwenye duka atoke msalani au arudi kutoka kuswali. Soma kilomita kwenye dashibodi mwanzo na mwisho. Safari kumi kwa kila upande wa mji zitakutosha kuanza.

Ukirudi mezani, tengeneza safu mpya ya mwendo kwenye tabaka la barabara. Usijaze kwa kubuni wala kwa kikomo cha sheria. Jaza kwa ulichokirekodi: mwendo wa barabara kuu asubuhi, mwendo wake jioni, mwendo wa barabara za lami za ndani, mwendo wa barabara za vumbi. Barabara ya vumbi ina namba mbili, ya kiangazi na ya masika, na usipoweka ya masika basi mwezi Aprili utakuwa unawadhulumu watu kila siku. Jangwani ni hivyohivyo. Mto Msimbazi ukifurika na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale bondeni, njia yako ya Ubungo haipo, si kwamba imepungua mwendo. Tunza nakala ya pili ya mtandao ambayo kipande hicho kimeondolewa kabisa, uipime njia upya. Utaona mzunguko unaongezeka kiasi gani, na hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha bosi siku ya mvua, badala ya kumwacha dereva ajieleze kwa simu huku maji yamefika kwenye mlango wa gari.

Kisha pima tena Charambe. Linganisha na daftari. Kilomita zikitofautiana na dashibodi, usikimbilie kusema dereva amepita kwake kunywa chai. Fungua njia aliyopita kwenye simu, uiweke juu ya njia ya kompyuta, utafute mahali zilipoachana. Hapo mahali pana sababu. Huenda ni shimo, huenda ni soko linalomwagika barabarani siku fulani, huenda ni daraja la mbao linalobeba bodaboda lakini halibebi kirikuu yenye katoni 80. Muulize. Na kama kweli ni chai, utajua pia, na wewe utakuwa na haki ya kusema.

Kuhusu malipo, mimi ningemshauri bosi wako hivi, na umwonyeshe hapa kama unaogopa kusema mwenyewe. Kilomita za kompyuta, zikishasahihishwa, zinafaa kuwa msingi wa mafuta, kwa sababu urefu wa barabara haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Dakika za kompyuta zisiwe msingi wa posho ya mtu hata mara moja. Zitumie kupanga nani atoke kwanza na nani apelekwe wapi, jambo ambalo litamwokolea bosi fedha zaidi ya kubana posho. Na kabla orodha ya kilomita haijaanza kutumika, ichapishe, ibandike ghalani, uwape madereva wiki nzima ya kuipinga mstari kwa mstari. Watakaopinga watakuonyesha makosa ambayo mimi na wewe tusingeyaona kwa mwaka mzima kwenye skrini.

Anza na yule mzee. Mwamkie, mwambie umekuja kupita naye Mbagala saa kumi na moja jioni, na umwombe akae na wewe baadaye mezani ukimfungulia ramani, mtaa mmoja baada ya mwingine, akuonyeshe anakopita na kwa nini. Nenda na simu iliyochajiwa, daftari, na maji yako ya kunywa. Maduka yale mawili yasiyo na njia yawe ya kwanza kumuuliza. Ukikwama kwenye kuziba mwanya, nitumie faili la kipande hicho pamoja na maelezo aliyokupa, nitakuangalizia.

Mwalimu wako